Maji ya huku Arusha, kuchemsha kunatosha kweli? Meno ya mwanangu yanaota na madoa

MamaWawili
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri na tafadhali msinicheke. Mimi ni mtu wa Moshi, Rau huko, nimeolewa Arusha tunakaa njia ya Usa River. Tulihamia hapa mwanangu wa kwanza hajafikisha hata mwaka, sasa hivi ana miaka saba, yale meno ya mbele ya utoto yameng'oka na haya ya ukubwani yanayoota yana mistari myeupe kama mtu amechora na chaki, moja limeanza na doa la kahawia. Nikajua ni pipi, nikampiga marufuku pipi mwezi mzima. Juzi nikampeleka kwa daktari wa meno, akamwangalia nusu dakika akaniuliza swali moja tu, mnakunywa maji ya wapi? Nikamwambia ya kisima cha jirani, nachemsha mpaka yanatokota alafu nachuja na kitambaa. Akatikisa kichwa akasema hiyo ni floraidi mama, foleni ilikuwa ndefu akaita mwingine.

Nimerudi nyumbani baba yao ananiambia achana na madaktari, hayo ni meno ya ukoo, yeye anayo, baba yake anayo, dada zake wote wanayo. Sasa nina huyu mdogo wa mwaka na miezi minane ndo kwanza amenogewa na uji. Swali langu, kwani kuchemsha hakutoshi? Na kama hakutoshi nifanyeje, maji ya chupa kila siku siwezi jamani. Natanguliza shukrani.

ngoja_ngoja
Nimekaa paleee na karanga zangu, ngoja waje.

Chalii_wa_Sakina
Dada karibu Chuga, hayo meno huku ndo kitambulisho cha mkazi. Mimi nikiwa Dar kwenye daladala nikicheka tu konda anasema chalii wa Arusha huyo, hata sijataja nashukia wapi.

MzeeBusara
Binti, unachemsha kidogo ndio maana. Chemsha nusu saa nzima, acha yapoe, weka na WaterGuard juu yake, hapo hakuna kitakachobaki. Watoto wa siku hizi mnahangaika sana, sisi tumekunywa maji ya mto na babu yangu kafika miaka 90 hajawahi kulazwa.

Fundi_Maabara
Mzee wangu shikamoo, ila hapo naomba nikupinge kwa heshima zote. Nimefanya kazi maabara ya maji miaka mingi mpaka nastaafu, hilo swali la "je nikichemsha" nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu.

Kuchemsha kunaua. Kipindupindu, taifodi, amiba, vyote vinakufa hapo. Floraidi haina uhai sasa utaiuaje? Ichukulie kama chumvi tu. Tia chumvi kwenye sufuria la maji, chemsha mpaka usiku wa manane, onja. Imeondoka? Imezidi, kwa sababu maji yamepungua kwa mvuke na chumvi imebaki palepale. Kwa hiyo huyo wa kuchemsha nusu saa ndo anaikoleza, na gesi yake anamaliza bure. WaterGuard ni klorini, nayo kazi yake ni vijidudu. Kitambaa kinachuja takataka. Mama hapa ana matatizo mawili na anayatibu yote kwa dawa ya moja.

Inatoka wapi sasa. Mlima Meru ni volkano, mvua ikinyesha maji yanazama yanapita kwenye majivu na miamba ya volkano, huko chini yanayeyusha floraidi taratibu alafu yanakuja kutokea kwenye chemchemi au kisima yakiwa meupe pee, ya baridi, matamu kabisa. Haina rangi, haina harufu, hata ladha huisikii. Yale maziwa ya Momela mle hifadhini floraidi yake inafika mamia ya miligramu kwa lita, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha maji ya kunywa ni 1.5. Sisi Tanzania kwa vijijini tulikuwa tunaruhusu mpaka 8, ikaja kushushwa 4, sasa hivi na sisi ni 1.5. Ile 8 haikuwekwa kwa kuwa ni salama, ni kwamba ukisema 1.5 kwa miaka ile ungefunga visima vingi mno na watu hawana pengine pa kuchota.

Kuhusu ukoo: ukoo mzima unachota chemchemi moja, ndo urithi wenyewe huo.

MamaWawili
Fundi asante sana. Hiyo ya ukoo imenifanya nikae chini. Wifi yangu wa mwisho alichukuliwa na shangazi yao Tanga akiwa mchanga, kasoma huko mpaka kaolewa huko. Meno yake meupe kama maziwa! Baba mmoja mama mmoja na hawa wengine, na siku zote wanamtania eti huyu mliokota.

Chalii_wa_Sakina
Hahaha kumbe maskini wa watu hajaokotwa

Fundi_Maabara
Mwonyeshe mzee wa nyumbani hiyo picha ya familia, inatosha kuliko maneno yangu yote.

Niongeze jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Jino la ukubwani linajengwa ndani ya ufizi tangu mtoto yuko mchanga mpaka kama miaka nane hivi. Doa unaloliona leo liliingia akiwa na miaka miwili mitatu, sio jana. Likishaota limeshaota, maji mazuri hayatalifuta, ila magego yake ya nyuma bado yanajengwa kwa hiyo usimkatie tamaa. Huyo mdogo ndo wa kumuwahi, na umemuwahi pazuri. Alipokuwa ananyonya alikuwa salama hata kama wewe ulikunywa maji ya kisima, floraidi kwenye maziwa ya mama inapita kidogo sana. Shida inaanza kwenye uji, na waliokorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima wanaipata mapema zaidi.

Mama_Zuhura
Kwa hiyo hata maji ya kupikia? Mi nilijua ya kunywa tu.

Fundi_Maabara
Ya kupikia pia, tena sana. Makande yanakaa jikoni masaa matatu unaongeza maji unaongeza maji, yote yanaishia kwenye punje. Ugali, uji, chai, supu, vyote ni maji. Kuoga, kufua, kudeki, kuosha vyombo, tumia kisima bila wasiwasi, haipiti kwenye ngozi. Ndo maana sisemi ununue maji ya nyumba nzima, unatafuta maji ya mdomoni tu.

Na magadi. Najua tutagombana hapa. Magadi ya kulainishia maharage na makande, haya yanayotoka kwenye maziwa ya chumvi huku kwetu, yana floraidi yake yenyewe. Mtu anaweza kuwa na maji mazuri kabisa akaiingiza kwa kijiko. Loweka maharage usiku kucha, yatalainika.

Mama_Zuhura
Makande bila magadi jamani 😭

Mzaliwa_Ngarenanyuki
Huu uzi umenigusa ngoja niseme ukweli wangu. Nimezaliwa Ngarenanyuki, darasa zima tulikuwa na meno ya kahawia mpaka mwalimu, kwa hiyo sikujua kama nina tatizo, nilijua meno ya binadamu yako hivyo na yale meupe ya kwenye kalenda yamepakwa rangi. Nimekuja kujua kidato cha kwanza nilipopelekwa shule ya bweni mbali, siku ya kwanza tu mtu ananiuliza wewe hujui mswaki? Nikaanza kusugua. Nimesugua na mkaa, nimesugua na mchanga laini wa mtoni, nimesugua na unga wa tofali, fizi zinatoka damu na doa linaniangalia tu. Dada zangu walizoea kucheka na kanga mdomoni mpaka leo ni watu wazima wakicheka mkono unakwenda wenyewe.

Ila meno ni aibu tu, hayaui. Babu yangu ndo aliniumiza. Alianza na mgongo, ukakakamaa, ikaja shingo. Ukimwita hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima taratibu kama mtu amebeba ndoo. Tulisema ni uzee, wengine wakasema karogwa na ndugu kwa ajili ya shamba. Mpaka kuna mwaka wakaja watu wa afya wakatueleza kuhusu maji, kumbe na mifupa inaingiaga.

Fundi_Maabara
Pole sana ndugu. Ndivyo ilivyo, mtu akinywa maji makali miaka mingi inajikusanya mpaka kwenye mifupa, na kwa watoto miguu inapinda. MzeeBusara naomba nikuulize kwa nia njema, yule babu wa miaka 90 alikuwa anainama kufunga viatu?

MzeeBusara
Alikuwa anavaa ndala.

Chalii_wa_Sakina
🤣🤣🤣 nimekufa

MzeeBusara
Cheka tu. Lakini na mimi magoti haya... haya endeleeni nasoma.

Kiboriloni_Finest
Poleni wana Arusha, njooni Moshi mnywe maji ya mlima. Sisi mamlaka yetu ya maji, MUWSA, inatupa maji ya chemchemi, Nsere, Shiri, unafungua bomba unakunywa hapohapo. Meno yetu mnayaona.

Boma_Mtupu
Wewe wa Kiboriloni tulia. Kilimanjaro nayo volkano usijisahau, wewe una bahati uko upande wa chemchemi nzuri. Shuka huku tambarare ya Hai na Sanya uone. Tindigani kuna watoto miguu imepinda, watafiti wameshakuja mpaka wameandika, na hiyo ni mkoa wako. Halafu hapo kwako bomba linatoka kila saa? Kwetu maji yakikatika siku mbili, bomba likiwa tupu kila penye ufa linanyonya uchafu wa nje, yakirudi yanakuja rangi ya udongo na mtu anakinga glasi eti ya mlima.

Kiboriloni_Finest
Dah. Na mimi nikumbushwe, mwaka jana nimeumwa tumbo wiki tatu, nikaambiwa taifodi, nikameza dawa, ikarudi. Nilikuja kufungua simtanki nimkute mjusi amefariki siku nyingi tu. Maji ya mlima kweli, na supu ya mjusi.

Nesi_wa_Zamu
Hapo kwenye taifodi jamani nina la kusema ingawa sio mada. Kile kipimo cha haraka cha damu kinasema "una taifodi" kwa watu wengi ambao hawana, mtu anamezeshwa antibayotiki kila baada ya miezi miwili na tangi lake halijafunguliwa tangu alinunue. Safisha tangi kwanza! Kila miezi mitatu minne limwage lote, sugua, suuza kwa klorini, mfuniko ubane. Maji yakirudi baada ya mgao acha ya kwanza yapite kwenye ndoo ya kudekia.

Na kwa ya kunywa: yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha, ukiwa juu kabisa mlimani acha tatu. Huna gesi, tumia vidonge vya WaterGuard, vile vya kawaida kimoja kwa ndoo ya lita 20, funika subiri nusu saa. Kama maji yana tope yaache yatulie kwanza uyachuje, klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Alafu usichote na kikombe kilekile cha kunywea, tumia ndoo yenye koki. Nimeona watu wanachemsha kwa bidii zote alafu mtoto anazamisha mkono mpaka kiwiko.

FiltaBora_Duka
HABARI NJEMA WANA ARUSHA NA MOSHI tunauza filta za kisasa zinaondoa KILA KITU, bakteria, chumvi, sumu, floraidi, bei poa njoo inboksi tuongee

Fundi_Maabara
Karibu sana. Filta yako ya aina gani ndani? Mshumaa wa udongo, mkaa wa kawaida, au RO, ile ya kusukuma maji kwa nguvu kwenye utando?

FiltaBora_Duka
Ina mshumaa original na mkaa wa kisasa

Fundi_Maabara
Basi haitoi floraidi. Inachuja tope na vijidudu, hiyo nakubali, na mkaa unatoa harufu. Floraidi inapita katikati kama mgeni mwenye tiketi. Usimuuzie mama huyu kwa jina hilo.

FiltaBora_Duka
mnaharibia watu biashara humu

MamaWawili
Asanteni nimeokoa hela, nilishaanza kumuandikia 🙈 Sasa Fundi nini kinachotoa?

Fundi_Maabara
Vipo, kila kimoja na kero yake.

Cha kwanza mkaa wa mifupa. Hapa karibu na wewe kabisa Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanachoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru kwa joto kali bila hewa ya kutosha, inakuwa myeusi, inasagwa, inapangwa ndani ya ndoo, maji yanapita taratibu. Inafanya kazi vizuri sana. Kero yake ni kwamba inachoka na ikichoka haikuambii, maji yanatoka meupe vilevile na wewe unajua uko salama. Lazima upime mara kwa mara na ubadilishe mkaa. Na msijaribu kuchoma wenyewe nyuma ya nyumba, ikiungua kidogo maji yananuka mzoga, ikiungua mno mpaka nyeupe nguvu inapungua.

Cha pili shabu na chokaa, njia ilitoka Nalgonda India. Watu wanasikia shabu wanasema aa mbona mi natia kila siku kutulizia tope. Ile ya tope ni kidogo, ya floraidi inahitaji nyingi kwa vipimo na kukoroga kwa muda maalumu, ukikosea unakunywa shabu. Nyumbani siipendi.

Cha tatu mashine ya RO, ndo wanatumia wengi wa kujaza madumu mtaani. Inatoa karibu yote. Waulize mara ya mwisho walibadilisha lini utando wa ndani na waombe karatasi ya vipimo, akianza kukasirika ondoka. Na dumu lako lisuuze wewe mwenyewe. Kuna pia ile filta ya Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, alipata tuzo ya wahandisi wa Afrika kutoka Uingereza mwaka 2015, wanaipanga kulingana na maji ya eneo lako, kwa hiyo utarudi palepale, kupima kwanza.

Ustaadh_Njiro
Assalaam aleikum. Hiyo mifupa Fundi, ni ng'ombe tu au wanachanganya? Nauliza kwa nia ya kujua.

Fundi_Maabara
Waaleikum salaam. Ninayoijua mimi ni ng'ombe wa machinjioni. Ila swali lako sio geni, India kuna watu waliikataa kabisa kwa imani zao. Kama moyo haujatulia usijilazimishe, chukua njia ya mvua.

BatiLangu
HAPO kwenye mvua nilikuwa nasubiri kuitwa. Mimi niko Moshono, mwaka wa sita huu nanywa maji ya bati. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba wowote kwa hiyo floraidi hakuna, mjadala umeisha.

Hesabu rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya kawaida bati mita 60, mvua ya mwaka huku tuseme milimita 800, toa inayoruka na ya kusafishia bado unabaki na lita kama elfu 38. Sasa mahitaji: watu watano lita nne nne za kunywa na kupikia ni lita 20, dumu moja kwa siku. Kiangazi kuanzia Juni mpaka Oktoba siku mia na hamsini na ushee, ni lita elfu tatu na kidogo. Kwa hiyo simtanki la lita elfu tano likijaa masika mwezi wa tano unafika vuli na chenji inabaki. Sio la kufulia lakini!! Mimi mwaka wa kwanza mke wangu alifulia mapazia tukakauka mwezi wa nane, tulinuniana.

Masharti. Mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe bati, vumbi la Kisongo na mavi ya ndege vinashuka vyote, mimi nina kibomba cha pembeni chenye kifuniko natoa kwanza hayo. Bati lililopakwa rangi za zamani za ajabu ajabu usitumie. Weka wavu mlangoni mwa tangi, mbu na majani. Na tia klorini kama alivyosema nesi, floraidi haina ila ndege yuko.

Chalii_wa_Sakina
Sisi wapangaji wa vyumba viwili bati la mwenye nyumba tunafanyaje mkuu

BatiLangu
Pipa moja chini ya kona moja, ongea na mwenye nyumba vizuri usiende na ukali wa Sakina. Au chota bomba la mjini.

Fundi_Maabara
Bomba la mjini nalo lisisahaulike. Ule mradi mkubwa wa AUWSA, mamlaka ya maji Arusha, wa shilingi bilioni 520 ulichimba visima upande wa Hai, na floraidi ilikuwa moja ya sababu za kwenda mbali hivyo. Vyanzo vinachanganywa, kwa hiyo Njiro na Ilboru sio lazima mpate maji sawa. Ulizia ya mtaa wako.

MamaWawili kazi yako ya kwanza ni kupima, usinunue kitu chochote kabla. Visima viwili vimepishana ua mmoja vinaweza kutofautiana mara tatu. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, isuuze mara tatu kwa maji hayohayo ya kisima, jaza, andika tarehe na mahali, peleka maabara ya maji Arusha. Hiyo ni ya floraidi. Ukitaka na vijidudu nenda uchukue chupa yao iliyochemshwa, na urudishe sampuli siku hiyohiyo ikiwa ya baridi, usiitembeze sokoni kwanza.

Mama_Zuhura
Na dawa ya meno je? Inaandikwa floraidi kwenye boksi.

Nesi_wa_Zamu
Mpe kidogo kama punje ya njegere, huyo mdogo kabisa kama punje ya mchele, na asimeze. Tatizo watoto wanaipenda ile tamu ya matunda wanalamba kama asikrimu. Na hilo doa la kaka mtu usisugue kwa chochote, kuna madaktari wa meno wanaweza kulipunguza au kulifunika akikua.

Mtaa_wa_Kati
Kwani pale Maji ya Chai si ndo jina lenyewe linasema, maji yana rangi ya chai kwa sababu ya floraidi

Fundi_Maabara
Wanasema jina limetoka kwenye rangi ya ule mto, na ni kweli mto wenyewe una floraidi nyingi, ila rangi sio yake. Ukianza kuitafuta kwa macho utayakimbia maji ya kahawia uende kunywa meupe yenye nyingi kuliko hayo.

Mzaliwa_Ngarenanyuki
Na mbege je 😅 ile nayo ni maji

Fundi_Maabara
Ni maji. Ila leo sitaki kugombana na watu wote kwa siku moja.

MamaWawili (baada ya wiki tano)
MREJESHO wakuu, samahani nilikaa kimya. Nilipeleka chupa mbili, moja ya kisima cha jirani na moja ya kioski cha bomba kule barabarani. Kisima kimetoka 6.9. Kioski 1.2. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikapiga hesabu ya uji wote niliopika miaka sita.

Picha ya wifi wa Tanga ilifanya kazi, baba yao aliiangalia akasema "sasa mbona hatukuambiwa", alafu akatoka nje akakaa na simu yake. Kesho yake alianza kuuliza bei za simtanki bila kuniambia.

Shida ikaja kwa jirani. Anauza dumu mia mia na ndo watu wote wa hapa wanamtegemea, nilipomgusia akaniambia mama unataka kuniharibia, kibali cha Bonde la Pangani ninacho, maji yangu masafi. Hatukusalimiana wiki nzima.

Fundi_Maabara
Kibali ni cha kuchimba na kutumia maji, hakisemi floraidi ni ngapi. Usimpelekee maneno, mpelekee karatasi. Na mwambie hapotezi wateja, watu watafua na kuoga na kumwagilia kwake vilevile, ya mdomoni tu ndo wachote kioski. Ana wajukuu?

MamaWawili
Anao watatu. Nimemwachia karatasi jana kwa mke wake. Leo asubuhi nimemwona mjukuu mkubwa anasukuma baiskeli na madumu mawili kuelekea kioski, mwenyewe amekaa mlangoni kwa pampu anaangalia pembeni. Amenisalimia lakini.

Kwangu sasa ya kunywa na kupikia tunachota kioski, dumu moja na nusu kwa siku, nimelifunga utepe mwekundu mtu asilifulie. Simtanki limekuja la elfu tano. Bibi yao naye kasikia, ametuma kidumu chake cha lita tano anasema kama maji yenyewe yanasaidia magoti basi na yeye ajaziwe. Nimemjazia, sikumwambia chochote kuhusu magoti.

MzeeBusara
Umefanya vizuri binti. Kioski chenyewe kiko wapi hasa?

MamaWawili
Mzee shikamoo, ukitokea Tengeru ni mkono wa kushoto, uliza kioski cha bomba mtu yeyote atakuonyesha. Limebaki gata la upande wa jikoni tu, fundi kasema anakuja Jumamosi kabla vuli haijaanza, ila fundi na Jumamosi mnazijua wenyewe.

BatiLangu
Mpigie Ijumaa jioni. Na hela usimpe yote.